Muonjaji Alipopita Bila Kuingia

Ukifika Rumonge leo na kuuliza habari za Muonjaji, mtu wa umri wangu atakutazama kwanza, atatazama mlangoni, halafu atakuambia kwa sauti ya chini kwamba huyo ndiye aliyewaleta watu waliomchukua mume wangu mwaka wa sabini na mbili. Usimlaumu. Maneno hayo aliyapata kwa mtu, na mtu huyo kwa mwingine, na ukiyafuata nyuma mlango kwa mlango utafika kwenye kabare yangu, kilabu changu cha pombe, kwenye mdomo wangu mimi. Niliyasema juma lile lile, nikiwa na kitambaa cha msiba kichwani. Nani angemuuliza mjane kama ana hakika?

Kwa hiyo nitamweleza mtu huyu alivyokuwa, na karaha zake zote, maana alikuwa nazo nyingi na sina nia ya kumfanya malaika. Jina lake silitaji. Mjini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe akikasirika alimwita Muonjaji.

Kazi yake hasa ilikuwa useremala. Alichonga mivure, yale mabeseni marefu ya mbao tunamokamulia ndizi za pombe, yanayofanana na mtumbwi mfupi. Muvure mpya una taabu yake: mti huingiza ladha yake kwenye pombe, wakati mwingine kwa miezi. Mafundi wengine wakishalipwa walikuwa wamemaliza. Yeye alirudi siku ya kukamua ya kwanza, akarudi ya pili, ya tatu, akichovya kidole, akionja, akitema kando. "Muti bado iko nasema," alisema, na siku mti ulipokoma kusema aliondoka bila hata kuaga. Kwa kuwa nusu ya kabare za Rumonge zilikamulia kwenye mivure yake, mguu wake ulizoea kuingia kila mahali, na hivyo ndivyo kazi ya pili ilivyoimeza ile ya kwanza.

Kwetu Burundi mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone hakuna sumu. Mtu asiyefanya hivyo humpi mtoto wako amtume. Sisi wa Rumonge tulikuwa tumeongeza yetu. Mwenye pombe anaonja, halafu Muonjaji anaonja, ndipo mrija wa kwanza unaingia mtungini. Hakuna aliyeliweka sharti hilo. Lilijiweka tu, na kabare ambayo Muonjaji aliipita siku ya kufungua mtungi ilikuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Wateja wangeuliza pana nini humu. Wangeanza kukumbuka tumbo lililowauma mwezi uliopita.

Alizijua kabare zote, tangu zile za mjini hadi za barabara ya Bugarama. Ile ya nyuma ya soko ilikuwa na impeke, pombe ya mtama, nzito, na wanywaji wake walikuwa watu wa mashine za mawese wenye kucha za rangi ya chungwa. Ile ya ufukweni iliuza utomvu wa mchikichi asubuhi, wavuvi waliporudi, na ilifungwa kabla ya adhuhuri kwa sababu baada ya hapo utomvu unakuwa mkali na wavuvi pia. Kulikuwa na mama mmoja aliyekamua insongo, ile pombe ya ndizi isiyotiwa maji, akaiuza kwa kibuyu kimoja tu kwa mtu, akisema cha pili ni ugomvi. Na kulikuwa na bwana mwenye friji ya mafuta ya taa na gramafoni, aliyeuza bia ya chupa peke yake. Kwa huyo Muonjaji alisimama mlangoni, akanusa, akaondoka.

"Ingia basi, muzee," bwana wa friji alimwambia siku moja. "Hii iko bia ya kisasa."

"Hii ya jana na hii ya leo iko sawasawa," Muonjaji akajibu. "Nitaonja nini?"

Alikuwa Mwislamu, wa wale ambao babu zao walitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, wakati wa wazungu. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe na kupita mbele ya kabare zetu kama vile hajawahi kuziona. Tulimtania: "Leo hutujui?" Jumamosi alirudi. Wazee wa msikitini walimkemea zaidi ya mara moja, naye hakubishana nao. Alikubali kwamba wamesema kweli, akawashukuru, na kesho yake alikuwa na kidole ndani ya mtungi wa mtu. "Naonja. Sinywi," ndiyo yote niliyowahi kumsikia akisema juu ya jambo hilo, na hata yeye hakuonekana kuyaamini sana. Mkewe alimwekea kopo la maji ya tangawizi nje ya mlango. Asiposukutua, haingii ndani.

Aliulinda ulimi wake kupita kiasi. Hakula pilipili. Hakunywa chai ya moto. Aliiacha mpaka ipoe kabisa, itande utando juu, ndipo aiinue. Ilikuwa kinyaa kumtazama. Akialikwa chakula aliuliza kwanza kimetiwa nini, na kama ni chumvi nyingi alikula wali mtupu mbele ya mama aliyepika tangu asubuhi. Nilimwambia mara moja kwamba hana adabu. Alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo."

Lakini karaha yake kubwa ilikuwa hii: hakujua kusema neno la kumpooza mtu. Hakujua kabisa. Nilipomwonyesha mtoto wangu mchanga, alisema, "Iko na kichwa kikubwa." Kwenye harusi moja ya Minago alionja pombe ya baba wa bibi harusi mbele ya wakwe na kusema ilikamuliwa na mtu mwenye haraka. Ilikuwa kweli, ndizi zilitolewa shimoni siku mbili kabla ya kuiva. Nusura wakwe wainuke na mikeka yao. Nilipompoteza binti yangu wa pili, watu walikuja na maneno mengi ya Mungu. Yeye alikuja akasema, "Nimefika," akakaa pembeni siku tatu akinoa visu vyangu vya jikoni. Siku ya nne akaenda zake.

Na bado hakuwa mtu wa kusema "mbaya" au "nzuri". Hilo nilijifunza mapema, kwa uchungu. Nilifungua kabare yangu miezi michache baada ya uhuru, mimi na mume wangu. Yeye alikuwa monitere wa shule ya msingi, mtu wa chaki na suruali iliyopigwa pasi, na pombe ilikuwa yangu. Nilikaanga mtama, nikausaga, nikautia kwenye maji ya ndizi, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikangoja siku tatu nikiwa siwezi kula. Muonjaji akaja. Akachovya, akatema.

"Iko muzuri?" nikamuuliza.

"Usiniulize iko muzuri. Uniulize iko namna gani."

"Haya. Iko namna gani?"

"Ulikaanga mutama na hasira. Umeungua upande moja."

Nilimchukia mwezi mzima. Siku ile ya kukaanga nilikuwa nimegombana na mama mkwe, na chini ya kikaango moto ulikuwa mkubwa, alijuaje, sijui. Mtungi wa pili alisema maji yaliwahi kutiwa. Wa tatu alisema nyasi za kukamulia zilikuwa za jana. Wa nne alionja, akatema, akaonja tena, akamwashiria mteja wa kwanza akaribie na mrija wake. Nililia jikoni. Mume wangu akacheka mpaka akashika mlango: "Mamaa! Umepasi ekzame!"

Mume wangu alimpenda. Walikuwa hawafanani hata kidogo. Mmoja alisoma gazeti la zamani mpaka matangazo, mwingine hakujua kuandika jina lake; lakini jioni, kabla ya magharibi, walikaa kwenye benchi langu wakibishana juu ya mambo kama kwa nini dagaa wa ng'ambo wana mchanga. Monitere alizoea kumtega. Alichanganya pombe za kabare mbili kwenye kibuyu kimoja, akampa. Muonjaji alizitaja zote mbili na muvure wa kila moja. Mara moja tu alikosea, na kosa hilo lilimlaza macho, maana siku iliyofuata alikuja asubuhi kuomba aonje tena.

Kuna watu watakaosema Muonjaji alikuwa mpelelezi tangu zamani. Wanasema hivyo kwa sababu ya siku za uhuru. Wakati ule kila chama kilikuwa na kabare yake, na mtu wa huku hakunywa kule. Muonjaji alionja kote. Huku walisema anapeleka habari kule, na kule vivyo hivyo. Habari gani? Alichokitoa huku na kukipeleka kule ni kwamba mtama wa wenzao ni mkavu kuliko wao. Siku yenyewe ya uhuru vilima vyote vilishusha mitungi uwanjani, mingi ajabu, na mkubwa mmoja wa mjini, ambaye simtaji, alitaka mtungi wake utangazwe wa kwanza. Akamwita Muonjaji mbele ya watu. Bendera mpya, ngoma, watoto wenye mashati meupe. Muonjaji akachovya kidole.

"Imekaa karibu na petroli," akasema.

Ilikuwa imesafirishwa kwenye kamyoneti, kando ya pipa. Watu waliangua kicheko, mkubwa yule naye akalazimika kucheka. Mume wangu alinishika mkono akaniambia, "Huyu muzee hawezi kudanganya hata akitaka. Siku moja itamuua." Alikosea kidogo tu, mume wangu. Hakufa yeye.

Sasa nifike pale.

Mwisho wa mwezi wa nne, sabini na mbili, vurugu zilianzia kwetu, huku ufukweni. Watu waliuawa kwa mapanga, na miongoni mwao walikuwamo tuliowajua. Halafu wakaja wenye bunduki, na wale waliokuwa na kalamu mfukoni wakaanza kuitwa ofisini: makarani, wauguzi, mamonitere. Walioitwa hawakurudi. Mume wangu aliitwa kwa karatasi aliyoleta mtu wa baiskeli. Hakwenda. Karatasi aliiweka chini ya chungu, na tangu siku hiyo aliishi chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, akinimenyea ndizi. Mikono yake ilikuwa imezoea chaki. Utomvu wa ndizi ukaifanya myeusi mpaka kiwiko. Kwa watu nilisema amevuka ziwa. Ni Muonjaji peke yake aliyejua, kwa sababu alionja pombe yangu juma hilo na kuniambia, "Ndizi zimemenywa na mutu wa polepole." Nilimtazama. Akainamisha kichwa na kuongeza kwamba pombe yenyewe ilikuwa imeiva vizuri.

Kabare tulizifungua. Ilisemekana kabare iliyofungwa inatiliwa shaka, basi tukafungua, na watu wakaja kukaa, kila mmoja ametazama mlango. Nilikuwa na mtungi wa siku hiyo. Ilikuwa saa kumi za mchana, wateja sita au saba, nimeshaonja mbele yao, tunamngoja Muonjaji.

Akaja akitembea katikati ya barabara, na watu watatu. Wawili walikuwa na bunduki. Wa tatu alikuwa na koti. Alikuja kwa mwendo wa haraka ambao sikuwahi kumwona nao, macho mbele, akaifikia kabare yangu, akaipita.

Nawaomba mnielewe hapa, kwa sababu nimeshindwa kujielewa miaka mingi. Ningekuwa mtu wa mji mwingine ningemshukuru Mungu na kukaa kimya. Lakini wateja wale wote waliona. Muonjaji ameipita kabare siku ya mtungi! Mmoja aliweka mrija wake chini. Nikawaza: sasa watauliza pana nini humu ndani. Watainuka, watakwenda kusema, na kesho nyumba yangu itakuwa midomoni mwa watu. Hiyo ndiyo sababu ninayoitoa mchana. Usiku najua kulikuwa na nyingine, ndogo, ya aibu: nilikuwa nimeipika vizuri pombe ile, na nilitaka aionje.

Nikatoka mlangoni. "Muzee! Unatupita?"

Hakugeuka. Nikapandisha sauti. "Muonjaji! Leo tumefungua! Uko unakwenda wapi?"

Akasimama. Wale watatu wakasimama. Mwenye koti akamuuliza kwa Kirundi kwa nini hapa amepapita, kama hapa si kabare. Muonjaji akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, ili nisikie: "Pombe yake iko mubaya."

Damu ilinipanda. Miaka kumi! Miaka kumi ya mtungi kwa mtungi, na leo, mbele ya wateja, mbele ya wageni, bila kuingiza kidole!

"Mubaya?" nikasema. "Hajaonja hata tone! Mukuje muonje wenyewe. Kama iko mubaya, mutamwaga!"

Ni mimi niliyesema hivyo. Nikawafungulia mlango, nikawafutia benchi, nikawamiminia kwa mkono wangu. Mwenye koti alikunywa taratibu, akapangusa midomo. "Iko muzuri, mama," akasema, akashukuru: "Murakoze." Halafu akatazama beseni lililokuwa chini, karibu na pazia. Maganda mabichi, utomvu unatiririka, kigoda kitupu. Akaniuliza nani alikuwa anamenya. Nikasema mimi. Akanitazama mikono. Ilikuwa mikavu, safi.

Mume wangu hakungoja pazia lifunuliwe. Alitoka mwenyewe, akiwa bado na kisu, akakiweka chini polepole ili wakione kinawekwa. Akaniambia, "Funika mutungi, nzi wataingia." Wakamtoa. Walielekea upande wa kaskazini, kwa miguu mpaka kwenye gari, na sikumwona tena, wala mwili wake sikupewa. Muonjaji alikuwa nje wakati wote huo. Hakuingia, na alipopita kwenda nao hakunitazama.

Watu walipokuja msibani, kama unaweza kuuita msiba kitu tulichofanya kwa kunong'ona, waliniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Muonjaji aliwaleta." Sentensi hiyo ningeweza kuiapia. Alikuja nao, hata watoto walimwona. Yaliyobaki watu waliyamalizia wenyewe, nami nikawaacha wamalizie, kwa sababu kila walipomtazama yeye hakuna aliyenitazama mimi.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Ilikuwa rahisi kuliko hivyo. Alipofika kwenye kabare, mwenyewe alimwambia, "Bado haijafunguka." Kesho yake, bado. Mitungi ya mji mzima ikawa haifunguki. Mivure tukaagiza kwa fundi wa Bugarama, mtu wa hovyo, mbao zake zilitoa uchungu mwaka mzima. Muonjaji hakujitetea hata kwa neno moja. Mimi nilisema, ona, angekuwa msafi angesema. Mwaka ule haujaisha, akamchukua mkewe na shoka zake, akahamia Minago.

Nilichokuja kujua nilikijua kwa kumenya ndizi, miaka mitano baadaye. Tulikuwa wanawake wanne wenye kabare, tunamsaidia mwenzetu kuandaa pombe ya kupokelea mahari ya bintiye, na mambo yale yalikuwa hayasemwi, lakini mikono ikiwa na kazi midomo husahau. Mama wa insongo akasema siku ile walipita kwake kwanza, wakakuta kabare tupu, maana mtungi wake ulikuwa bado una siku mbili. Wa nyuma ya soko akasema hata kwake, siku ile impeke ilikuwa ndiyo kwanza imefunikwa, hapakuwa na mtu. Wa tatu akasema pombe ya kwake ilikwisha jana yake. Utomvu wa ufukweni, saa tisa mchana, kumefungwa tangu saa sita. Niliacha kumenya. Mpishi wa pombe hahitaji kuambiwa. Mtu mmoja tu katika mji ule aliijua siku ya kila mtungi, na wenye bunduki walipomtaka awaonyeshe watu wanapokutana, mchana mzima aliwazungusha kwenye kabare ambazo hazikuwa na pombe, na kwa hiyo hazikuwa na watu. Yenye pombe siku hiyo ilikuwa yangu. Akaipita.

Na angejiteteaje? Angesema nini, na kwa nani? Kwamba aliwazungusha makusudi? Neno hilo lingefika ofisini kabla ya jua kuzama.

Sikulala siku mbili. Ya tatu nikapanda kamyoneti ya samaki, nikashuka Minago, nikauliza. Nilimkuta nje ya nyumba ya udongo, anachonga kasia. Alikuwa amekonda. Kikombe cha chai kilikuwa pembeni, kina utando.

"Amahoro, muzee."

"Amahoro. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikauliza lile moja tu nililolitaka. "Siku ile. Kwetu kulikuwa kwenye karatasi yao, ile ya majina?"

Aliendelea kuchonga kidogo. Nilijua nimemuuliza mtu ambaye hatanipooza, na nusu yangu ilitaka ainuke aende zake asijibu.

"Hawakuwa na karatasi," akasema. "Walikuwa na miye."

Nililia, na yeye akaniacha nilie. Hakusema "basi mama", hakusema "mipango ya Mungu". Nilipomaliza akasema, "Lakini miye pia nilikosa."

"Ulikosa nini? Ulipita."

"Nilisema iko mubaya. Toka nimekujua, niliwahi kukuambia pombe iko mubaya? Mubaya, basi?"

"Hapana."

"Ningesema imeungua."

Nikaliwaza. Ningemsikia akisema imeungua, mwenyewe, Muonjaji, mbele ya watu, nisingebisha. Ningeona aibu. Ningerudi ndani mbio kunusa mtungi.

"Ningerudi ndani," nikasema.

"Ungerudi ndani. Nimefikiri juu ya neno hilo miaka tano. Siku moja tu nimedanganya, na nimedanganya vibaya."

Mkewe alitoka na muhogo wa kuchemsha, akaniona, akaweka sahani chini bila salamu, akarudi ndani. Nilistahili.

"Muzee," nikasema, "mjini niliwaambia watu weye ndiye uliwaleta."

"Nilisikia."

"Nimekuja kukuambia haikuwa vile."

Hapo ndipo alipoweka kasia chini. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, na alikuwa amekasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Miye unaniambia nini? Miye nilikuwa pale. Uwaambie wale."

"Wale wote?"

"Si uliwaambia wote?"

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Bado." Akanisogezea sahani ya muhogo, akaniuliza watoto waliobaki nyumbani ni wangapi na kama yule mwenye kichwa kikubwa anasoma.

Kamyoneti ilinirudisha Rumonge saa kumi. Nilishuka sokoni, na kabare ya karibu ilikuwa ile ya impeke. Ilikuwa imejaa, mtungi ulifunguliwa siku hiyo. Mwenyewe akaniita, "Mama, karibu, ukae," na mtu mmoja akanisogezea mrija na nafasi kwenye benchi. Niliogopa. Mambo yale yalikuwa hayasemwi kwa sauti mahali popote, na nilijua kwamba nikikaa nitakunywa, na nikinywa nitanyamaza. Nikabaki nimesimama katikati yao.

"Muonjaji hakuwaleta kwangu," nikasema. "Alikuwa anawapitisha. Ni mimi niliyewaita, nikawafungulia mlango, nikawamiminia."

Yule wa mrija akaurudisha mtungini, taratibu. Nikangoja kidogo, nisije nikawa sikusikika. Halafu nikatoka, nikaenda kabare ya pili.